Siku moja maishani mwangu: wananiita Bwana Subiri

Nikisema ninafanya kazi kwenye kampuni ya uwakili yenye ofisi kila bara, wa kwanza ataniuliza nimeshinda kesi ngapi, wa pili atanitumia picha ya mkataba wake nimsomee. Kesi sijashinda hata moja na joho sijawahi kuvaa. Mimi ni mkaguzi wa mgongano wa maslahi. Kabla wakili wetu yeyote, popote alipo, hajafungua jalada jipya, lazima mtu ahakikishe kwamba huyo tunayetaka kumbana mahakamani si mteja wetu mwenyewe upande mwingine wa dunia. Mtu huyo ndiye mimi, na wenzangu wachache wa zamu nyingine. Wabia, yaani mawakili wenye kampuni, wananiita Bwana Subiri. Wanadhani sijui.

Saa 2 asubuhi. Maombi yaliyoingia usiku: 63. Sydney wanakaribia kufunga ofisi, kwa hiyo kila chao ni cha haraka. New York wamelala, ila kabla ya kulala walihakikisha wameniachia mzigo. Mpaka saa 4 ni piga jina kwenye kompyuta, soma kilichotokea, piga jina la zamani, soma tena, pitia orodha za vikwazo, andika "hakuna mgongano", vuta linalofuata. Hapo hakuna cha kusimulia, labda majina tu. Kompyuta haijui kwamba Mohamed, Muhammad na Mohammed anaweza kuwa mtu yuleyule. Haijui kwamba mama aliyekuwa mteja wetu kwa jina la baba yake sasa anashtakiwa kwa jina la mumewe. Hilo la mwisho lilinipita mwaka wangu wa kwanza. Tulijitoa kwenye kesi wiki ya tatu, tukarudisha ada yote, na tangu siku hiyo sisomi jina bila kujiuliza zamani lilikuwa nani.

Halafu kuna kisanduku kimoja kwenye fomu kinachonipandisha presha kila siku: "Upande wa pili". Wasomi wazima, waliokaa darasani miaka na miaka, wanaandika "haijulikani". Unamdai nani basi? Upepo?

Saa 4 na dakika 10. Likaingia ombi la mbia mmoja ambaye hapa nitamwita Msomi, kwa sababu ndivyo mawakili wanavyoitana, na yeye huyu ukilisahau neno hilo anakukumbusha. Alama nyekundu, HARAKA. Mteja mpya, kampuni kubwa ya ujenzi. Kazi, usuluhishi wa kimataifa. Upande wa pili: herufi tatu. Si jina, herufi tatu tu. Majibu yanatakiwa kabla ya saa 8 mchana.

Nikaziingiza. Zikarudi na majalada 1,418. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi humo, shule, kiwanda cha rangi, na marehemu mmoja mwenye mirathi. Nikapiga simu.

"Wakili Msomi, habari za asubuhi. Naomba jina kamili la upande wa pili na nchi iliposajiliwa."

"Ndugu yangu, hiyo ni siri. Mteja hataki lizagae."

"Halitazagaa, Msomi. Lakini bila jina sina cha kukagua."

"Andika hakuna mgongano, jina nitakuletea jioni."

Sikuandika. Wala sikubishana, maana kubishana na mtu anayelipwa kubisha ni kujitafutia ugonjwa. Nilimwambia nasubiri (ndiyo, najua), nikarudi kwenye mengine. Dakika 50 baadaye karani wake akaleta jina, likiwa limekosewa herufi moja. Hiyo herufi moja ilinila nusu saa nyingine, mpaka nilipoipata kampuni yenyewe kwenye daftari la usajili wa makampuni na kuanza kuuchora mti wake: kampuni mama juu, chini yake kampuni tanzu 41, nyingine zimebadilishwa majina mara mbili kama kinyonga aliyechanganyikiwa.

Ya kumi na saba ndiyo iliyoniharibia siku. Kakampuni kadogo kenye ghala. Ofisi yetu ya bara jingine ina jalada lake, la mkataba wa pango wa hilo ghala, lilifunguliwa miaka sita iliyopita. Nikatazama mara ya mwisho wakili kulifanyia kazi: miezi mitatu nyuma, dakika 12. Kwetu muda unauzwa kwa vipande vya dakika sita, kumi kwa saa. Vipande viwili, basi. (Mimi sina kipande hata kimoja cha kuuza. Kwenye hesabu za kampuni nimeandikwa upande wa gharama, pamoja na umeme na karatasi.)

Bado kulikuwa na tumaini. Kumhudumia mtoto hakukufanyi moja kwa moja kuwa wakili wa ukoo mzima. Inategemea mlikubaliana nini. Nikaifungua barua ya makubaliano ya ile ofisi, nikashuka mpaka ukurasa wa 9, kwa maandishi yale madogo ambayo hakuna anayeyasoma ila sisi: mteja ni kampuni hiyo "na kampuni zote za kundi lake". Makampuni makubwa siku hizi yanasisitiza sentensi hiyo kwa makusudi. Ukimshika mmoja umewashika wote, na wanajua.

Nikampigia Msomi. Hapo ilikuwa saa 6 na kitu.

"Dakika 12?" Sauti ilipanda hadi nikaitoa simu sikioni. "Unazuia jalada la miaka mitatu kwa dakika 12 za ghala?"

"Ghala ni la mteja, Msomi."

"Si mteja wangu! Hao ni ofisi nyingine. Hesabu zao mbali, kodi zao mbali, faida yao hatuioni. Sisi si wao."

Niliisubiri hoja hiyo, kwa sababu huja kila mara, na si ya kipuuzi. Kampuni nyingi za uwakili za kimataifa si kampuni moja kwa maana unayoifikiria. Baker McKenzie, iliyoanzia Chicago mwaka 1949, tangu 2004 imejipanga kwa muundo wa Uswisi uitwao verein, na nyingine kadhaa zimefuata njia hiyo. Jina ni moja, nembo ni moja, lakini kila nchi na mfuko wake. Akianguka mmoja, deni halimfuati jirani. Ni busara kabisa, mpaka siku jaji atakapolitazama bango la mlangoni.

Hilo lilitokea mwaka 2015. Kampuni ndogo ya Ohio iitwayo RevoLaze, yenye hataza za kuchakaza jinzi kwa leza, ilikuwa imeyashtaki makampuni ya mavazi, Gap ikiwemo, mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani. Wakili wake alikuwa Dentons ya Marekani. Gap ikasimama ikasema: lakini Dentons ya Canada ni wakili wetu sisi. Hoja ya kwamba hizo ni ofisi mbili tofauti chini ya verein haikusaidia, Dentons ikaondolewa kwenye kesi. RevoLaze ikageuka ikamshtaki wakili wake wa zamani, na mwaka 2020 jopo la raia mahakamani huko Ohio likaipa fidia ya zaidi ya dola milioni 32.

Nilimweleza Msomi kwa ufupi. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na dawa yake: "Basi hilo jalada la ghala lifungwe leo. Akishakuwa mteja wa zamani, tuendelee."

Hiyo nayo ina jina. Mawakili wa Marekani wanaiita kanuni ya kiazi cha moto, tangu kesi ya mwaka 1987, Ohio hiyohiyo, iliyozuka baada ya kampuni mbili za uwakili kuungana na kujikuta zina wateja wanaoshtakiana. Huruhusiwi kumwangusha mteja mdogo kama kiazi kinachokuunguza mkono ili umkamate mkubwa. Msomi anaijua kuliko mimi, ameisomea. Mtu mzima akitaka kitu sana anasahau hata alichofundisha wengine.

"Tujenge ukuta," akasema. Yaani mawakili wa ghala wasione majalada ya usuluhishi, na wa usuluhishi wasione ya ghala. Kuta hizo naziweka kila wiki, zinafanya kazi. Lakini ukuta unazuia siri kupita. Hauzuii mteja kuamka asubuhi akute wakili wake mwenyewe amemshtaki.

Ikabaki ridhaa. Na hapa ndipo penye fundo ambalo watu wa nje hawalioni. Ili umwombe mteja wa ghala ridhaa, lazima umwambie kuna mtu anataka kukushtaki. Hiyo ndiyo siri yenyewe Msomi aliyokuwa akinificha asubuhi. Kwa hiyo kwanza mteja mpya akubali siri yake itolewe, ndipo tumuulize wa zamani. Msomi akasema atamuuliza. Mimi nikamtafuta mbia wa ile ofisi nyingine anieleze kama jalada la ghala bado liko hai au lilibaki wazi kwa uzembe tu. Karani wake akajibu kwamba bosi yuko angani, bado ana safari ya muda wa saa sita kabla ya kutua.

Saa 8 mchana kukawa na mkutano wa wafanyakazi wote kwa video. Kiongozi mkuu akatangaza habari njema: kundi zima la mawakili wanahamia kwetu kutoka kampuni shindani, na mjini kwao tunafungua ofisi. Makofi. Kisha tumepanda kwenye daraja la mojawapo ya vile vitabu vya kupima mawakili. Makofi zaidi. Namfahamu dada anayetayarisha maombi ya vitabu hivyo. Chambers, kimojawapo cha vitabu hivyo, inapokea hadi kazi 20 kwa kila idara, na yeye hukesha akiwasihi wabia wampe kazi za kujivunia. Fomu hiyo haina safu ya kazi tulizozikataa.

Sina kinyongo na ukuaji, ndio unaonilisha. Lakini nausikia kwa sikio jingine. Baker McKenzie walipofungua Caracas mwaka 1955, nadhani mtu mwenye daftari na kumbukumbu nzuri angeweza kuifanya kazi yangu. Mwaka 1987 kampuni mbili za uwakili, Clifford-Turner na Coward Chance, ziliungana zikawa Clifford Chance. Tarehe 1 Mei 2024 Allen & Overy na Shearman & Sterling wakawa A&O Shearman, na magazeti yakahesabu mawakili na ofisi. Mimi nawafikiria wakaguzi wa pande zote mbili, waliokaa na orodha mbili za wateja wakizilinganisha mstari kwa mstari kabla ya mkono wa kwanza kupeanwa. Kila mteja mpya anayeshangiliwa ni mtu mmoja zaidi ambaye kuanzia kesho hatuwezi kumshtaki, yeye na wanawe 41. Kampuni ya uwakili ikivimba, mlango wake unazidi kuwa mwembamba.

Makofi yalipoisha nikakuta simu nne za Msomi ambazo sikuzipokea. Sijui ilikuwa saa ngapi, ila maombi yalikuwa yamepanda tena hadi 40 kwa sababu New York walikuwa wameamka. Nikayapunguza. Msomi akapiga. "Ametua?" Bado, Msomi. Nikayapunguza tena. Akapiga. "Ametua?" Akampigia mkuu wangu wa idara, mkuu akanipigia, nikamweleza, akasema "endelea hivyohivyo", akakata. Macho yalikuwa yameshaanza kuona herufi mbilimbili. Mara moja niliandika "hakuna mgongano" nikaifuta, nikaanza jina lile upya, kwa sababu sikukumbuka kama nimelisoma au nimelitazama tu.

Giza lilishaingia ujumbe ulipofika kutoka uwanja wa ndege. "Jalada liko hai. Nilizungumza nao wiki iliyopita, wanataka kuongeza ghala la pili." Robo saa baadaye, wa Msomi: mteja mpya hakubali jina lake litajwe kwa yeyote. Basi. Nikachagua neno ambalo huwa silichagui zaidi ya mara mbili kwa wiki, "Limekataliwa", nikaeleza sababu kwa mistari minne isiyotaja siri ya mtu, nikatuma. Kazi ya miaka mitatu ikaenda kwa wapinzani wetu usiku uleule, na wala siwezi kumsimulia mtu ni kazi gani.

Msomi akajibu kwa neno moja, "Sawa." Miaka yote niliyofanya naye, hiyo ni shukrani.

Nilikuwa nimeshabeba begi. Kompyuta ikalia. Barua pepe kutoka ofisi ya kiongozi mkuu: wale mawakili wanaohamia kwetu, orodha ya majalada yao imeambatishwa, tafadhali ikaguliwe kabla ya Jumatatu. Nikaifungua nikiwa nimesimama, nione tu ukubwa wake. Mistari 2,306. Mstari wa kwanza, safu ya upande wa pili: "haijulikani".

Nikaliweka begi chini.