Kilo nane chini ya hori

Mwaka ule bei ya chakula cha mifugo ilipanda mara tatu kabla kiangazi hakijafika katikati. Zizini tulikuwa na mbuzi 14: majike sita waliokwisha kuzaa, mabeberu wawili, maksai mmoja, mbarika wawili ambao bado hawajapandwa, na watoto watatu wanaonyonya. Ghalani palikuwa na marobota 96 ya nyasi kavu, kila moja la kilo 16 hivi. Tulikuwa tukilisha robota moja na nusu kwa siku, kwa hiyo ghala lilikuwa na siku 64. Mvua ilikuwa bado miezi minne.

Siku tatu nzima zilipita tukiulizia wapi pumba ni rahisi. Kumbe jibu la kwanza lilikuwa sakafuni. Asubuhi ya nne, nilipokuwa nafagia banda, ufagio ulikwama kwenye matandiko ya nyasi yaliyofika unene wa kiganja. Nikainama, nikachukua konzi moja na kuipekua. Juu kulikuwa na mabua yaliyolowa mkojo, na katikati samadi. Lakini chini kabisa, kwenye udongo, yalikuwa yamejaa yale majani laini yanayopukutika mtu akitikisa robota, na hayo ndiyo yenye lishe kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyasi. Mbuzi walikuwa wamekanyaga kilicho bora na kubaki wakipigania mabua.

Basi tukapima. Jioni tulisafisha sakafu mpaka ikabaki tupu, tukapima kilo 24 kwa mizani ya kuning'iniza, tukajaza hori. Kesho yake jioni tuliokota kila kilichoanguka. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika: ukiyapima masalia yakiwa mabichi kwa mkojo, mizani inasoma maji. Tuliyatandaza juani siku mbili, tukachambua samadi, ndipo tukapima. Zilikuwa kilo nane. Katika kila marobota matatu tuliyonunua, moja lilikuwa linakwenda kuwa matandiko.

Mbuzi si ng'ombe. Kwa asili yake hula akiwa ameinua shingo, akichuma majani ya vichaka, na kitu kilichokwisha kuguswa na kwato au mkojo hakirudii hata akiwa na njaa. Tena ana tabia ya kuvuta fundo la nyasi, kurudi nyuma hatua moja, kisha kutafuna huku nusu ikimdondoka. Hori letu lilikuwa sanduku la chini, wazi juu, ambalo watoto walikuwa wakilala ndani yake. Kulaumu mbuzi kwa uharibifu ule lilikuwa kosa.

Hori jipya tulilitengeneza kwa papi, yaani mbao nyembamba, za banda la zamani. Mgongo ulikuwa wa mbao, na mbele tulisimamisha papi tukiacha nafasi ya sentimeta 5 kati ya moja na nyingine, upande wa juu ukiinamia kwa mbuzi kidogo. Nafasi hiyo inatosha mdomo kuvuta nyasi kidogo kidogo, lakini haipitishi kichwa. Jambo hili ni la kushikilia, kwa sababu ukiacha nafasi pana kidogo kuliko hiyo, mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa na kushindwa kukitoa, na akihangaika usiku anaweza kujinyonga. Chini ya papi tulipigilia sinia la mbao lenye kina cha sentimeta 15, limejitokeza mbele kiasi cha urefu wa shingo, ili kinachodondoka mdomoni kidondokee humo. Juu tuliweka kifuniko cha mteremko, mbuzi asipande. Urefu wa hori tuliupata kwa kuzidisha sentimeta 40 kwa idadi ya mbuzi wakubwa. Likiwa fupi kuliko hapo, wanyonge husubiri wababe washibe, na wanyonge wenyewe mara nyingi ndio majike wenye mimba.

Tuliligawa pia lile robota moja na nusu mara tatu kwa siku, badala ya kumwaga lote jioni. Wiki iliyofuata tulipima tena kwa njia ile ile, na masalia makavu hayakufika kilo moja na nusu.

Baada ya hapo swali likawa mbuzi wetu wanahitaji kiasi gani hasa. Hatukuwa na mizani ya kumpima mnyama, tukatumia utepe wa fundi cherehani. Unazungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa nyonga wa nyuma, vyote kwa sentimeta. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, utapata kilo kwa makadirio. Jike wetu mmoja alikuwa na mzunguko wa 76 na urefu wa 68, ikatoka kilo 36. Zizi zima lilikaribia kilo 424. Mbuzi hula chakula kikavu, yaani maji yakiwa yametolewa, kati ya asilimia 3 na 5 ya uzito wake. Anayekamuliwa yuko juu, maksai yuko chini. Tulichukua 3.5 kwa wastani, ikawa kilo 15 hivi. Nyasi kavu nazo hubaki na unyevu kidogo, kwa hiyo ni kama kilo 17 za nyasi. Tulikuwa tukitoa 24.

Nilipozishika hesabu hizo mkononi, nililazimika kutazama nani anakula bila kurudisha chochote. Beberu wa pili hakuwa na kazi, maana mmoja anatosha majike sita na zaidi ya hapo. Maksai alikwisha kukomaa na kila siku aliyobaki ilikuwa hasara. Na kulikuwa na jike mmoja mkongwe, misimu miwili hajashika mimba, meno ya mbele yamelegea. Huyo aliniuma moyo, kwa kuwa nusu ya zizi lilitoka tumboni mwake. Lakini kilo 122 za hao watatu zilikuwa zinakula nyasi za wenye mimba. Tuliwauza wiki ile ile, wangali na nyama. Kila kiangazi nimeona wafugaji wakingoja mpaka mgongo wa mbuzi uwe kama msumeno ndipo wampeleke mnadani, na siku hiyo kila mtu amepeleka wake, wote wamekonda, bei imelala.

Hali ya mwili huipimi kwa macho, maana manyoya hudanganya. Weka vidole kwenye pingili za kiuno, nyuma ya mbavu ya mwisho. Ukishika ncha kali na kidole kikapenya chini yake kwa urahisi, mnyama amekonda. Ncha ikiwa ya duara na unaipata kwa kubonyeza kidogo, yuko sawa. Usipoipata kabisa, amenenepa mno. Shika na kidari pia. Tulifanya hivyo kila baada ya wiki mbili, tukiandika ukutani kwa chaki.

Waliobaki 11 walihitaji kilo 12 za nyasi, tukiongeza moja ya upotevu, 13. Marobota yale yale yaliyokuwa ya siku 64 yakawa ya siku 118.

Kwenye chakula cha nguvu, kile cha kuongezea nyasi, tulifanya vizuri jambo moja na vibaya lingine. La vizuri ni kuacha kulinganisha magunia kwa bei ya gunia. Gunia rahisi lenye maganda mengi linaweza kuwa ghali kuliko yote. Gawanya bei kwa kilo, kisha gawanya tena kwa protini iliyomo. Pumba zetu za mahindi zilikadiriwa kuwa na protini asilimia 10, mashudu ya alizeti 28, nasi tulitaka mchanganyiko wa 16. Toa 16 katika 28, inabaki 12. Hizo ni sehemu za pumba. Toa 10 katika 16, inabaki 6. Hizo ni za mashudu. Pumba kilo 20, mashudu kilo 10. Tuliongeza madini ya mbuzi yenye kalsiamu, kwa sababu pumba zina fosforasi nyingi na beberu anayelishwa pumba tupu huweza kuziba mkojo kwa vijiwe. Madini ya kondoo hayafai hapa: kondoo hudhurika kwa shaba upesi, kwa hiyo ya kwao huwekwa shaba kidogo sana au haiwekwi kabisa, na mbuzi anaihitaji. Kila gunia la pumba nililiingiza mkono mpaka katikati na kunusa. Lenye mabonge, joto au harufu ya ukungu lilirudishwa, hata lingekuwa la bure. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika, tena hupita kwenye maziwa.

La vibaya ni haraka. Chakula cha kiwandani kilikuwa kimeisha, tukaingiza mchanganyiko mpya kwa siku tatu, tena kwa kipimo cha juu. Siku ya nne asubuhi jike mmoja alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini, hacheui. Kinyesi kilikuwa kimeacha kuwa gololi, kikawa uji wa kijivu wenye harufu ya chachu. Nilipobonyeza ubavu wa kushoto kwa ngumi, ndani pakachezacheza kama kiriba cha maji. Daktari wa mifugo alifika, akasikiliza tumbo, akauliza tulibadilisha chakula lini. Nilipomjibu alitikisa kichwa: "Siku tatu ni chache. Wape wiki mbili."

Alieleza kwamba tumboni mna vijidudu vya kusaga majani na vingine vya kusaga wanga. Wanga ukija ghafla, vya pili huongezeka kwa kasi, vinatoa asidi, asidi inaua vya kwanza na kuunguza ukuta wa tumbo. Alimnywesha magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa, kwa kiasi alichopima mwenyewe, akaagiza nyasi kavu tupu na maji. Jike alianza kucheua jioni ya siku ya pili. Wengine wote tuliwarudisha kwenye gramu 50, tukapandisha kidogo kidogo kwa siku 14, na nyasi zikitangulia kila mlo. Maksai na beberu wasio na kazi hawahitaji pumba hata kidogo, na mbarika wenye mwili mzuri hivyo hivyo. Mchanganyiko ulibaki kwa majike watatu wanaokamuliwa na wawili wenye mimba, hao wa mwisho katika wiki sita za kuelekea kuzaa, wakati mtoto hukua kwa kasi na nafasi ya tumbo inapungua.

Kilichotuvusha hasa ni uzio. Upande mmoja wa shamba ulikuwa wa lusina, mti wa malisho, tuliyoipanda kwa kuzuia upepo tu. Majani yake makavu yana protini kati ya asilimia 20 na 25, karibu sawa na mashudu, na yalikuwa yanaanguka yenyewe. Tulikata matawi laini, tukawaning'inizia majike watano kilo moja na nusu mbichi kila mmoja kwa siku, na mchanganyiko wa pumba tukaupunguza kwa nusu bila maziwa kushuka kwa kiasi cha kusikitisha. Hatukuzidisha. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, ambayo ikizidi hupukutisha manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo, kwa hiyo isipite asilimia 30 ya chakula chote kikavu. Majani ya gliriside, mti mwingine wa malisho, waliyakataa kwa harufu. Tulipoyaacha yanyauke usiku kucha, waliyala. Ya muhogo lazima yanyauke au yakaushwe, kwa ajili ya sumu yake. Na matawi yafungwe juu, usawa wa kichwa cha mbuzi, la sivyo unarudi kwenye ufagio.

Maji nayo yalihitaji jicho. Mbuzi akinusa samadi kwenye ndoo hanywi, asipokunywa hali, na nyasi ghali zinabaki horini. Minyoo pia hula chakula chako: funua kope la chini, ukiona weupe badala ya wekundu, mnyama huyo anahitaji kupimwa kabla hujamwongezea hata kiganja cha pumba.

Mvua ilinyesha siku ya 124. Ghalani yalibaki marobota 11. Nyasi mbichi zilipochipua, mbuzi walikuwa wanalia getini tangu alfajiri, na ilikuwa vigumu kuwazuia. Lakini majani machanga ni maji matupu na sukari, na tumbo lililozoea makavu miezi minne lingepatwa na jambo lile lile la yule jike. Kwa siku kumi tulijaza hori kila asubuhi, tukangoja wale nyasi kavu kwanza hadi umande ukauke, ndipo tukafungua geti: kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya tatu. Marobota matano yaliishia huko. Sita tuliyapanga upya juu ya magogo, mbali na ukuta, yakiwa ya kwanza ya ghala la mwaka uliofuata.