Ninavyoongoza kikundi chetu cha hisa bila kushika fedha

Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hashiki fedha, hashiki ufunguo, wala sanduku halilali nyumbani kwake. Uenyekiti wangu naufanya kwa masharti hayo, na naamini heshima ninayopewa na wenzangu chanzo chake ni hapo. Tunapenda kusema kiongozi mwadilifu ni mwenye hofu ya Mungu. Ni kweli, lakini hofu ya Mungu iko moyoni, hakuna anayeiona. Fedha iliyohesabiwa mbele ya wote kila mmoja anaiona.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwenye vikundi vya wanawake vilivyolelewa na shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya aina hii daraja la nne la watoa huduma hizo.

Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi na si wa nyumba moja. Sanduku linakaa kwa mtunza sanduku. Ili fedha itoke, watu wanne lazima wakutane. Kinachobomoa mpango huu mara nyingi si wizi, ni hisani: mwenye ufunguo anasafiri, anamwachia mtunza sanduku amshikie. Hapo kufuli moja imeshakufa. Ninachofanya ni kudai ufunguo upewe mwanachama mwingine asiye na cheo, na jina lake litajwe kikaoni.

Kikao kinaanza na salio, sanduku likiwa bado limefungwa. Kikao kilichopita mtunza kumbukumbu alitangaza salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii, na watu wakaondoka nalo kichwani. Sasa nachagua mwanachama yeyote, hasa mkimya wa nyuma, anitajie. Kisha wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, mmoja akimaliza anampa mwenzake. Zisipolingana na alichosema yule mwanachama, hatuendelei na ajenda nyingine.

Halafu hisa. Kila mtu ananunua kuanzia 1 hadi 5 kwa kikao, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Bibi asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole. Aliyenunua 3, nafasi 2 zilizobaki zinapigwa mstari wa kalamu palepale, mwenyewe akitazama. Nafasi iliyoachwa wazi ni mlango: wiki ijayo mtu anaweza kugonga muhuri ambao fedha yake haikuingia. Vitabu navyo havibebwi nyumbani, vinafungiwa ndani ya sanduku.

Kwenye mikopo, kikomo chetu ni mara tatu ya hisa za mtu, na urejeshaji usizidi miezi mitatu. Mimi nikihitaji mkopo naomba wa mwisho, na kipengele hicho anakiongoza mwanachama mwingine. Mwenyekiti akiomba wa kwanza, nani atamwambia fedha haitoshi? Na atakayenifuata jioni aseme, “Mwenyekiti, niazime mpaka Jumamosi,” namjibu kwamba sina ninachoweza kumpa hata nikitaka, alete ombi kikaoni. Hanuni, maana anajua nasema kweli.

Penye kazi hasa ni mdaiwa. Kuna vikundi vinakwenda kwa mtu kwa kundi, vinatoa televisheni na godoro majirani wakiangalia, au vinabandika jina lake kwenye kundi la WhatsApp. Jambo hili linaniuma sana. Deni linaweza kulipwa, lakini yule mtu hatakaa tena mkao wa amani na wenzake, na wengine wanaanza kuogopa kukopa.

Mimi namfuata mdaiwa peke yake kabla ya kikao. “Dada, marejesho ya mara hii hayakufika. Unaweza kuleta kiasi gani, na lini?” Simwulizi kwa nini, akitaka kueleza, nasikiliza. Tuseme anadaiwa 120,000 na anamudu 10,000 kwa wiki: anakwenda na pendekezo hilo mwenyewe mbele ya kikao, anataja kiasi na tarehe, wanachama wanakubali au wanarekebisha, linaandikwa. Matatizo ya nyumbani kwake hayatajwi. Akikwama tena, ndipo wadhamini wanaitwa. Na hisa zake zipo: zitafidia siku ya mgao. Faini haisamehewi kwa urafiki, yangu ikiwamo. Nikichelewa nalipa kabla sijakaa.

Mgao unakuja mwisho wa mzunguko, kwetu ni mwaka mmoja. Tunasimamisha mikopo mapema ili marejesho yaingie. Hesabu inaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani: tuseme fedha taslimu pamoja na madeni yatakayokatwa ni 7,360,000, na hisa zote ni 3,200. Gawanya, kila hisa iliyonunuliwa kwa 2,000 sasa ni 2,300. Mwenye hisa 140 ana 322,000. Akiwa na deni la 80,000 anachukua 242,000. Mfuko wa jamii hauingizwi humo, ule ni wa msiba na ugonjwa. Kiongozi hapewi “asante” kutoka kwenye fedha za mgao isipokuwa katiba imeandika hivyo tangu mwanzo.

Baada ya mgao ni uchaguzi, kabla mzunguko mpya haujaanza. Tunapiga kura kwa kokoto: kila mgombea ana mfuko wake nyuma ya pazia, unaingia peke yako, unatumbukiza kokoto lako. Tatizo ni kwamba watu wanaona haya kugombea na aliyekaa kwenye kiti, hivyo jina linabaki moja na wanataka kupiga makofi yaishe. Siruhusu. Nafasi ya mwenyekiti haipigiwi kura mpaka yawepo majina mawili, na kokoto zinahesabiwa na wanachama wasiogombea chochote.