Fomu Iliyokuwa Ikifuta

Mwaka 2011, katika msimu wa maombi ya vyuo, kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi Dar es Salaam ilipewa kazi ya kurekebisha mfumo wa maombi wa chuo kimoja, uliotengenezwa na mtu ambaye hakuwa akipatikana tena hata kwa simu. Lalamiko lililotufikia lilikuwa fupi: "Fomu inafuta." Kwa kuwa sisi ofisini tuliijaza kutoka mwanzo hadi mwisho na haikufuta chochote, nilipanda basi hadi Morogoro, nikaketi katika intaneti kafe moja karibu na stendi ya Msamvu ili niwaone waombaji wenyewe wakiijaza.

Dada aliyesimamia kafe ile alikuwa ameshabuni dawa yake. Kila aliyekuja kuomba alipewa karatasi na kalamu. "Andika kwanza humu, mdogo wangu, maana ukibonyeza Rudi, vyote vimekwenda." Binti aliyekaa mbele yangu alikuwa amefika ukurasa wa kuhakiki, ndipo alipoona kwamba jina la baba yake limekosa herufi h, tofauti na lilivyo kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Alibonyeza Rudi. Ukurasa wa kwanza ukafunguka mtupu, bila namba ya mtihani, bila tarehe ya kuzaliwa, bila sanduku la posta. Hakusema neno, aliivuta karatasi yake akaanza upya, huku dakika za kulipia zikiendelea kuhesabiwa kwenye kona ya skrini.

Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva (kompyuta inayohifadhi mfumo), haina kumbukumbu: seva ikishajibu ombi moja, ombi linalofuata hulipokea kama la mgeni. Aliyetengeneza mfumo alilijua hilo, ndiyo maana majibu ya kila ukurasa aliyapitisha hadi unaofuata ndani ya sehemu za fomu zisizoonekana. Lakini aliyapitisha kwenda mbele tu. Rudi yake haikuwa kitufe cha kutuma fomu bali kiungo cha kawaida, nacho kiliomba ukurasa wa kwanza kikiwa mikono mitupu.

Kitufe cha nyuma cha kivinjari nacho hakikusaidia. PHP, lugha ya programu iliyoandikia mfumo ule, inapoanzisha sesheni (kumbukumbu ya muda ambayo seva humwekea kila mtumiaji) kwa mipangilio yake ya kawaida, huagiza ukurasa usihifadhiwe, tena huubandika tarehe ya kwisha muda ambayo ni 19 Novemba 1981; na mfumo ule ulianzisha sesheni katika kila ukurasa kwa ajili tu ya kukumbuka lugha aliyoichagua mwombaji. Mwenzangu alipendekeza kwa simu tubadilishe mpangilio huo mmoja, kivinjari kiruhusiwe kuhifadhi kurasa, kazi iishe. Nilikataa, kwa sababu pale kafe mtu wa pili alikuwa akikikalia kiti kabla hakijapoa, na kwa kubonyeza nyuma mara chache angesoma taarifa zote za aliyeondoka.

Kwa hiyo tuliyahamishia majibu yote upande wa seva, ndani ya sesheni. Rudi ikawa kitufe cha kutuma, ili hata ukurasa uliojazwa nusu uhifadhiwe kabla mtu hajaondoka. Kisha seva ikamwelekeza mwombaji kwenye ukurasa anaoutaka kwa jibu la 303, yaani agizo kwa kivinjari kifungue ukurasa mwingine, ambalo huzuia fomu isitumwe mara ya pili mtu anapoupakia ukurasa upya. Katika kujaribu, majina ya Kisukuma ndiyo yaliyotuumbua: lililoanza na Ng' lilirudi likiwa Ng peke yake, kwa kuwa thamani za fomu zilizungushiwa alama ya kunukuu ya mstari mmoja ('), ileile iliyo ndani ya Ng', hivyo kivinjari kilidhani jina limeishia hapo, na kitendakazi (function) cha PHP cha kusafisha maandishi, wakati huo, hakikuigusa alama hiyo mpaka kiagizwe.

Lililotuchukulia muda mrefu zaidi ni la ndugu wawili waliojaza katika kompyuta moja, kila mmoja na kichupo (tab) chake. Kidakuzi cha sesheni, yaani alama inayowekwa kwenye kivinjari ili seva imtambue mtumiaji, kilikuwa kimoja kwa vichupo vyote viwili, hivyo kaka aliporudi nyuma alikuta matokeo ya dada yake. Tulikipa kila kichupo ufunguo wake, ukasafiri ndani ya fomu, na majibu yakawekwa chini ya ufunguo huo hadi maombi yalipokamilika, yakafutwa papo hapo. Picha ya pasipoti ilibaki kwenye seva, kwani kivinjari hakiruhusu faili lijazwe upya kwa niaba ya mtu. Mwombaji aliyerudi aliiona picha yake na kitufe cha kuibadilisha.