Penseli ya rosta

Juzi mwanangu wa darasa la pili alipekua mkoba wangu wa kazini akitafuta peremende, akaibuka na penseli nne na kifutio kilicholika nusu. "Mama, kumbe hata watu wazima wanaandika kwa penseli?" Nikamwambia wengine hufundishwa kwa nguvu. Akaondoka na kifutio changu.

Mwaka 2013, wiki niliyokabidhiwa uinchaji, yaani usimamizi, wa wodi ya wazazi, niliandika rosta, ratiba ya zamu, kwa wino. Mistari ya rula, muhuri juu, nikaibandika ukutani na kuitazama kama picha ya harusi. Nilikuwa na miaka 31, na wengi kwenye rosta ile walikuwa wakunga walionifundisha kupokea mtoto. Mmoja wao, tuliyemwita Mama Leba, alikuja kuomba abadilishane na mwenzake usiku wa Alhamisi. Sikumwuliza kwa nini. Nilisema, "Rosta imeshatoka." Akajibu, "Sawa, sista inchaji." Mpaka siku ile alikuwa akiniita binti.

Hakuna aliyegoma. Afadhali wangegoma. Ripoti ya asubuhi ikawa sentensi moja: kina mama 26, hali zao zinaendelea vizuri. Nikiuliza kama kuna la ziada, macho yote dirishani. Glavu zikiisha, nitajua nikifungua kabati.

Ijumaa niliingia saa kumi na mbili asubuhi. Harufu ya jiki ilinipokea mlangoni, kali kuliko kawaida ya saa ile. Ndani ya leba, chumba cha kujifungulia, Mama Leba alikuwa ameinama juu ya mzazi, ngumi ya mkono mmoja ndani, mkono wa pili ukikandamiza tumbo kwa juu. Mwanafunzi ameinua dripu huku machozi yanamtoka. Chini kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni kanga tatu ambazo usingejua zilikuwa za rangi gani.

"Oksitosini?" Niliulizia dawa ya kulikaza tumbo la uzazi ili damu ikome.

"Yuniti 10 nimechoma, na nyingine inakwenda kwenye dripu. Daktari ameitwa." Hakugeuka. "Huu wa juu umekufa ganzi. Lete wako."

Nikavaa glavu, nikaweka mkono pale alipoutoa wake. Tumbo la uzazi lilikuwa laini kama unga wa maandazi uliozidi maji. Nikakandamiza. Mzazi akauliza kwa sauti ndogo kama mtoto amefunikwa. Tukamjibu sote wawili kwa pamoja kwamba amefunikwa. Jogoo wa nyumba za watumishi akawika, akanyamaza, akawika tena. Ndipo chini ya kiganja changu kitu kikaanza kujikusanya, polepole, mpaka kikawa kigumu kama embe bichi.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Usitoe mkono mpaka nikwambie."

Mama yule alipona. Kwenye ripoti Mama Leba alisoma kwa sauti ile ile: kina mama 27, mmoja alitoka damu nyingi, ametulia, hali zao zinaendelea vizuri. Akachukua kikapu chake akaenda kulala.

Rosta niliibandua siku hiyo hiyo, nikanunua penseli. Wiki mbili za kwanza kifutio kilikuwa inchaji kuliko mimi. Usiku mmoja tukajikuta na wakunga wanne, uliofuata hakuna hata mmoja, na matroni akaniita ofisini. Lakini ripoti zilirefuka. Mtu akasema mashine ya kuchemshia vifaa inavuja, mwingine akakiri kwamba anaogopa kumpigia simu daktari fulani usiku. Sijui kama ilikuwa penseli, au waliona gauni langu lilivyolowa asubuhi ile.

Ile Alhamisi aliitakia nini? Nilipopata ujasiri wa kuuliza ilikuwa imepita miezi. Alisema amesahau.

Mkesha wa Krismasi nikakuta mtu amefuta jina lake zamu ya usiku na kuandika langu. Mwandiko niliujua, ndio uliokuwa ukisahihisha patografu zangu za uanafunzi, zile chati za kufuatilia uchungu wa kujifungua. Nikachukua sweta, nikaenda.