Bibi na njiti za kiberiti

Bibi alianza kuficha viberiti. Tulivikuta kwenye pindo la kanga, chini ya godoro, hata ndani ya debe la unga. Alikuwa anavificha kwa sababu Mama alishaanza kumnyang'anya: jioni moja Bibi aliwasha kuni jikoni, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, akasahau kabisa. Jirani ndiye aliyeona moshi juu ya migomba. Nilikuwa kidato cha tatu. Pale Machame kila mtu alisema ni uzee. Tulipompeleka zahanati wakasema hivyohivyo, uzee tu, mpeni matunda. Na mimi nikaamini.

Sasa nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Moshi, mwaka wa pili. Wenzangu wengi wanataka wodi ya wazazi au chumba cha upasuaji. Mimi nataka kuhudumia wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kufuta kumbukumbu polepole, na nikisema hivyo naulizwa kwa nini nimejichagulia wagonjwa wasiopona.

Ilianzia darasani, kipindi cha afya ya akili. Mwalimu alitusimulia habari za Auguste Deter, mama wa Kijerumani aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901. Daktari Alois Alzheimer alikuwa akikaa naye na kumwuliza maswali mepesi. Jina lako nani? Auguste. Na mumeo? Auguste. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge yameganda kati ya seli na nyuzi zimejisokota ndani ya seli zenyewe. Nilikuwa naandika mbiombio mpaka mwalimu alipotaja umri: alilazwa akiwa na miaka 51. Nikaweka kalamu chini. Mama yangu ana miaka 51. Uzee gani huo?

Tangu siku hiyo sijaacha kusoma. Nimejifunza kwamba ugonjwa huwahi kuishambulia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana Bibi hajui kama amekula mchana, lakini anakusimulia vizuri kabisa jinsi alivyokuwa akibeba kahawa kichwani kuipeleka chama cha ushirika, na nani alikuwa mbele yake kwenye foleni.

Halafu nikakuta utafiti wa kwetu! Mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka vijiji vya wilaya yetu ya Hai, wakakuta kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, kama 6 katika kila 100 wana dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hali ambayo mara nyingi huletwa na Alzheimer. Baadaye kikatengenezwa kipimo kinachowafaa wazee wasiojua kusoma. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, anatajiwa maneno ya kukumbuka baadaye, na anawekewa njiti za kiberiti zilizopangwa ili naye apange vilevile. Nilikipenda mno. Mzee ambaye hakuwahi kushika penseli, ukimwambia achore saa kama vipimo vingine vinavyotaka, unampima shule, humpimi ubongo.

Likizo ya Desemba nikapanga njiti mezani mbele ya Bibi. Alizitazama sana. Akazichukua mojamoja, akazirudisha kwenye boksi, vichwa vyote upande mmoja, akalifunga na kulikaza kwenye pindo la kanga. Kisha akalipapasa kwa nje kuhakikisha lipo. Mama alikuwa mlangoni, akageuka akaenda nje.

Mwanafunzi hatoi majibu ya ugonjwa kwa njiti. Tulimpeleka hospitali, na safari hii nilijua cha kuomba: damu, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, mkojo, na kama ana sonona, maana yapo yanayofanana na dimensia na yanatibika. Yote yalipoondolewa ndipo daktari akalitaja jina lenyewe. Mama alilia, halafu akasema afadhali ajue anapambana na nini.

Nyumbani tumebadilisha mambo madogo. Jua likizama Bibi huhangaika, anafunga mzigo, anataka kurudi kwa baba yake. Zamani Mama alikuwa akibishana naye: "Mama, baba alishafariki!" na Bibi analia msiba upya kila jioni. Siku hizi tunamwuliza kwa baba kuna ng'ombe wangapi. Anakaa, anawahesabu, uji unanyweka. Kiberiti amebaki nacho, ila ni boksi tupu tulilolijaza vijiti vya meno.

Jumamosi nitapanda tena Machame. Jirani wa mteremkoni ameniomba nikamwone mumewe, anayeamka usiku wa manane kwenda kukamua ng'ombe waliyemuuza zamani. Njiti sibebi. Nitabeba daftari, nikae na mama huyo jikoni, nimwulize ilianza lini na yeye mwenyewe analala saa ngapi.