Stempu Mbili za Bessie

Barua ile ilifika Nakuru mwaka 1995, nikiwa darasa la sita. Shangazi alikuwa Chicago akitunza wazee, na kila alipoandika, mimi ndiye niliyepewa ufunguo wa sanduku nikatumwa posta. Siku hiyo nilisimama pale pale kwenye ngazi, jua la utosi, nikaigeuza bahasha mbele na nyuma. Stempu mbili zilizofanana, senti 32 kila moja: mwanamke mweusi kama sisi, amevaa kofia ya rubani. Bessie Coleman.

Nilikuwa nakusanya stempu, na nilizoea kukata kona ya bahasha, kuilowesha katika bakuli la maji vuguvugu hadi gundi iachie, kisha kuanika stempu kifudifudi juu ya gazeti. Hii mama alinikataza. "Hiyo ni barua ya shangazi yako, usiitie maji." Nililia. Leo namshukuru mno, kwa sababu muhuri wa posta ungali mzima, na Chicago inasomeka.

Shangazi alinieleza habari za Bessie humo ndani. Bessie alizaliwa Texas mwaka 1892, akaja kutengeneza kucha za watu katika duka la kinyozi huko huko Chicago. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mweusi, tena mwanamke. Akajifunza Kifaransa, akapanda meli hadi Ufaransa, na Juni 1921 akapata leseni. Aliishi miaka 34 tu. Mwaka 1926 alianguka kutoka kwenye ndege huko Jacksonville. Niliisoma sehemu hiyo mara nyingi hadi karatasi ikachakaa kwenye mkunjo.

Baadaye nilinunua nyingine: ya rubani Amelia Earhart ya 1963, senti 8, na jozi ya ndugu wa Wright, waliotengeneza ndege, ya 1978, senti 31. Ni nzuri, meno ya kingo zake yote yapo. Lakini hizo hakuna aliyenitumia.

Anayekosekana katika albamu yangu ni rubani Beryl Markham, na hilo huniuma kila nikipanda matatu ya Njoro kwenda kwa wakwe. Alikulia pale pale Njoro, kwenye shamba la baba yake, kati ya farasi. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akaivuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpinga njia nzima. Baada ya saa zipatazo 20 injini ilikosa mafuta, akashukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, akatoka hai. Natamani mtoto wa Njoro atumwe posta siku moja akutane naye kwenye bahasha.

Shangazi alirudi nyumbani, sasa ni mtu mzima sana. Krismasi iliyopita nilimwonyesha ile barua. Akasema mhudumu wa posta alitaka kumpa stempu moja ya kawaida yenye picha ya ndege tupu, bila rubani, yeye akakataa, akaomba hizi mbili, kwa kuwa alijua ni nani atakayefungua sanduku.