Hofu ya ugonjwa ilivyonikalia shingoni

Nilikuwa najifuta baada ya kuoga nikagusa upande wa kulia wa shingo, chini ya taya, kidole kikakutana na kitu kadogo hivi, kanateleza ukikabonyeza. Sikujua kwamba kila mtu ana tezi pale na watu wengi tu wazima ukiwapapasa vizuri utazikuta. Nilichojua ni kwamba jana haikuwepo (ilikuwepo bwana, sikuwahi kuitafuta tu). Sikumaliza hata kujifuta, nikashika simu nikaandika "uvimbe shingoni", na kutoka siku ile karibu miaka miwili nilikuwa naishi kama mtu anayesubiri hukumu.

Naandika hii kwa sababu najua kuna mtu saa hizi amejifungia chooni anajipapasa, na namwambia kabla ya yote, haujachanganyikiwa na wala hujidai.

Tuanze na simu. Ukiandika maumivu ya kichwa, mtandao hauwezi kukuambia tu kalale, unakuletea kila kitu, na jicho la mtu mwenye hofu linaruka mistari kumi linatua kwenye uvimbe wa ubongo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, waliangalia jinsi watu wanavyotafuta habari za afya mtandaoni wakaona kitu hichohicho, mtu anaanza na dalili ya kawaida kabisa, anabofya, anabofya tena, mwisho wake yuko kwenye ugonjwa mzito na wa nadra ambao hata hakuuwazia alipoanza. Mimi nilianza na tezi usiku saa nne, saa tisa alfajiri nilikuwa nasoma watu wanaishi miezi mingapi baada ya kuambiwa wana saratani ya mitoki, yaani ya tezi kama hizo.

Alafu mwili nao ukaanza kujibu. Hapa watu wengi hawaelewi, wanadhani mwenye hofu hii anajitungia dalili. Dalili ni za kweli! Ile tezi nilikuwa naibonyeza mara thelathini arobaini kwa siku, kitu chochote ukikibonyeza hivyo kitauma, ikawa inauma kweli, na maumivu yakawa kwangu ushahidi. Usiku moyo ulikuwa unadunda mpaka nasikia kwenye mto, hiyo ni adrenalini. Ukiogopa unapumua haraka bila kujua, hewa ukaa kwenye damu inashuka, vidole na pembeni mwa mdomo vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Mimi ile ganzi niliisoma kama kiharusi kinakuja, nikaogopa zaidi, nikapumua haraka zaidi, ganzi ikaongezeka. Yaani hofu inatengeneza dalili na dalili inatengeneza hofu, unazunguka humo usiku kucha.

Nilienda kwa madaktari wanne tofauti. Damu, ultrasaundi, kipimo cha moyo, damu tena. Majibu ya kwanza yalipotoka safi nilikaa kama wiki nzima na amani, nikala nikalala. Ya pili yalinishika siku tatu. Mara ya mwisho sijafika hata kwenye geti la hospitali nikaanza kujiuliza, je kama wamechanganya chupa yangu na ya mtu mwingine, je kama ugonjwa bado mdogo hauonekani. Daktari mmoja alinicheka, akaniambia nitafute kazi ya kufanya. Sikumjibu kitu ila ile kauli ilinifanya nikae miezi sijamwambia mtu mwingine yeyote, na hiyo miezi ndo ilikuwa mibaya kuliko yote.

Sasa kitu ambacho ningependa ningeambiwa mapema. Nilidhani tatizo langu ni kwamba sijapata uhakika wa kutosha, nikipata kipimo kimoja kikubwa zaidi nitapona. Kumbe ule uhakika ndo ulikuwa unailisha hofu. Watafiti Paul Salkovskis na Hilary Warwick walishaandika mwaka 1986 kwamba kwa watu wa aina yetu kutulizwa tulizwa kunapunguza wasiwasi kwa muda mfupi tu alafu unarudi na hamu ya kutulizwa tena inakuwa kubwa. Niliposoma hilo niliweka simu chini nikatulia muda mrefu sana, maana nilihesabu kichwani, vipimo, dada yangu ambaye kila usiku nilimuuliza "hebu shika, imekua?", picha za shingo nilizopiga kwenye simu kulinganisha, zote ni kitu kimoja.

Mshauri niliyempata mwishoni alitumia CBT, ile tiba ya fikra na tabia, na ndiyo tiba iliyopimwa zaidi kwa tatizo hili. Hakunibishia. Alichukua karatasi akaandika maelezo mawili. La kwanza, una saratani na watu wote hawajaiona. La pili, wewe ni mtu unayeogopa sana saratani na hofu hiyo ndo inayokutesa. Akaniuliza kati ya haya mawili lipi linaeleza vizuri hii miaka miwili yote, alafu akaniuliza swali lililonikata, hili la pili umewahi kulitibu hata siku moja? Sikuwahi. Nguvu zangu zote, pesa zote, niliziweka kwenye la kwanza.

Akanipa zoezi linaonekana la kitoto. Kaa, weka akili yote kwenye mguu wa kushoto dakika tano, usifikirie kingine. Baada ya dakika mbili mguu unawasha, baada ya tatu unahisi joto, unahisi kitu kinatembea. Mguu ambao asubuhi nzima haukuwepo duniani! Nilielewa siku ile kwa mwili sio kwa maneno kwamba ukikipa kiungo umakini kitaongea.

Kazi ngumu ikawa kuacha kupapasa. Hatukuacha ghafla, kwanza kuchelewesha, ukitaka kugusa shingo subiri nusu saa, ukitaka kugugo subiri mpaka kesho. Siku ya kwanza jasho lilinitoka nikiwa nimekaa tu, nikaona kama nafanya uzembe, kama nikifa itakuwa kosa langu kwa sababu sikuangalia. Huo ndo uongo mkubwa wa hii hofu, inakuaminisha kwamba kujikagua ndo kunakulinda. Nikasubiri, hofu ikapanda ikafika juu kabisa, alafu yenyewe ikaanza kushuka bila mimi kufanya chochote, na nilikuwa sijawahi kuiona ikishuka kwa sababu kila siku nilikuwa naiwahi.

Na dada yangu naye akafundishwa. Nikimuuliza kuhusu tezi anasema "najua unaogopa, niko hapa na wewe, ila hilo swali silijibu." Usiku wa kwanza nilimkasirikia sana nikaona hanipendi. Kwa ndugu mnaoishi na mtu wa hivi, msimcheke na pia msimjibu kila saa, kaeni naye hofu ipite. Na kama bado mnaona ni deko, kuna utafiti wa Sweden wa 2023 uliofuatilia watu zaidi ya elfu nne walioambiwa hospitali kwamba wana ugonjwa huu wa hofu, walikufa mapema kuliko wenzao kwa wastani wa kama miaka 5, na kujiua kulikuwa juu sana. Wewe mwenye hofu usiibebe hiyo namba ukaanza kuiwaza, inasema tu kwamba haya ni mateso halisi yanayohitaji matibabu, na matibabu yapo. Uingereza mtafiti Peter Tyrer na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 444 wenye hofu hii kwenye kliniki za hospitali, majibu yakatoka mwaka 2014, waliopata CBT walikuwa na nafuu kubwa zaidi na ilikuwa bado ipo baada ya miaka 2, na waliowahudumia hawakuwa mabingwa, walikuwa wahudumu waliofundishwa tu. Wengine wanasaidiwa na dawa pia, zile za sonona kama fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, hilo ongea na daktari.

Kuna na wale wa upande wa pili, hofu ni hiyohiyo ila wao hawakanyagi hospitali kabisa, wanaogopa kuambiwa. Kwao zoezi ni kinyume, ni kwenda.

Maana sisemi usiende hospitali kamwe. Kifua kikibana ghafla kwa namna hujawahi kuisikia, upande mmoja wa mwili ukilegea, mdomo ukipinda, unakimbia, hakuna kusubiri nusu saa. Kwa mengine nimekubaliana na daktari mmoja tu, anajua historia yangu yote, tunaonana kwa tarehe tuliyopanga hata kama sina kitu, na yeye ndo anaamua kama kipimo kinahitajika. Sichagui tena vipimo mwenyewe na sitembei na majibu ya huyu kwenda kwa yule.

Tezi bado ipo. Mwezi uliopita nikiwa najifuta kidole kikatua palepale bila kukusudia, nikahisi kama imekua. Moyo ukaanza. Nikamwandikia dada meseji, nikaisoma, nikaifuta kabla sijaituma, nikavaa nguo nikatoka, na njia nzima mkono ulikuwa unataka kurudi shingoni.